Namna ya kuanzisha ploti ya kudumu ya mimea msituni: mwongozo kutoka mitelemko ya Kilimanjaro

Ukisimama Moshi mjini asubuhi na mapema, kabla wingu halijashuka, unauona mlima wote na mikanda yake: mashamba ya chini, vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachagga, yenye migomba na kahawa), msitu mweusi katikati, kisha nyika ya mawe na barafu. Watu wakizungumzia mabadiliko ya mlima huwa wanataja barafu. Wana haki, kwa sababu kati ya 1912 na 2000 eneo la barafu lilipungua kwa karibu asilimia 80. Lakini maji ya mifongo yetu, mifereji ya kumwagilia, yanatoka msituni. Mvua kubwa kuliko zote upande wa kusini hunyesha ndani ya mkanda wa msitu, kwenye kimo cha mita 2,200 hivi, na miti ndiyo inayoipokea na kuishusha polepole. Barafu imepigwa picha na kupimwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Msitu una wapimaji wachache, na kila mmoja wetu anayeishi karibu nao anaweza kuongezeka kwenye hesabu hiyo.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa baiolojia na klabu yake, au mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji. Mnahitaji watu wanne na siku mbili za kazi, pamoja na vifaa ambavyo vingi vinapatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jambo moja nataka likae kichwani tangu mwanzo: ploti ya mimea, yaani kipande cha ardhi kilichopimwa na kuwekewa alama ili mimea yake ipimwe tena na tena, ina thamani pale tu mtu asiyekujua anapoweza kuifikia baada ya miaka ishirini, akasimama mahali ulipokuwa umesimama na kupima mti uleule. Orodha ya spishi bila mahali kamili na bila tarehe inaishia kuwa kumbukumbu ya matembezi.

1. Anza na swali dogo

"Kuchunguza bioanuwai ya msitu" ni kazi isiyo na mwisho. Tafuta swali linaloweza kujibiwa kwa futi (utepe wa kupimia) na kalamu.

Chukua mfano wa kamfa, Ocotea usambarensis, ambao Wachagga wengi wanauita mseri. Ndio mti mkuu wa misitu yenye unyevu upande wa kusini, na mbao zake zimekatwa kwa miongo mingi, kwa kibali na bila kibali. Kamfa hujizalisha zaidi kwa machipukizi ya mizizi na visiki, na mahali ulipokatwa mara nyingi huwahiwa na mti mwepesi unaokua haraka, Macaranga kilimandscharica. Kwa hiyo swali linaweza kuwa: katika eneo hili kuna kamfa wangapi wenye unene wa mkono, wangapi wenye unene wa paja, na wangapi wakubwa? Msitu wenye wazee bila watoto unakueleza habari ya miaka hamsini ijayo.

Maswali mengine mazuri: je, mimea ya chini ya ukingo wa msitu inafanana na ya ndani? Je, kihamba kinahifadhi spishi ngapi za msitu? Hili la mwisho ningependa watu wengi walishike. Uchunguzi wa vihamba vya Kilimanjaro uliwahi kuorodhesha spishi zaidi ya 500 za mimea, na zipatazo 400 kati yake hazikupandwa na mtu. Zimeota zenyewe chini ya migomba, kwenye kingo za mifongo na kwenye magome ya mringaringa. Mlima mzima unakadiriwa kuwa na spishi kama 2,500, kwa hiyo uani kwa bibi yako pana sehemu kubwa ya hazina hiyo, na huhitaji kupanda hata mita mia moja kuifikia.

2. Ruhusa

Msitu wa asili ulio juu ya vijiji uliwekwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Kabla ya hapo ulikuwa hifadhi ya msitu, tangu 1921. Utafiti ndani ya hifadhi ya taifa unahitaji kibali kupitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), wote wenye makao makuu Arusha, na ofisi za hifadhi yenyewe ziko Marangu. Mkanda wa nusu maili, uliotengwa 1941 ili wanavijiji wapate kuni na mbao, una historia ndefu ya mivutano ya mipaka. Usiingie kwa kubahatisha. Uliza ofisi ya kijiji na askari wa hifadhi mpaka uko wapi leo.

Kwa wanaoanza nashauri sehemu mbili rahisi zaidi. Ya kwanza ni msitu wa Rau, pembeni kabisa ya mji wa Moshi, ulio chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Ni msitu unaoishi kwa maji ya ardhini, una mivule mikubwa na mti wa msoo, Oxystigma msoo, ambao duniani unapatikana sehemu chache sana. Ya pili ni vihamba, ambako ruhusa unaipata kwa mwenye kihamba baada ya salamu na maelezo ya kweli. Mweleze unachopima, nani atakiona, na kwamba utamletea nakala. Kisha mletee.

3. Soma historia ya mahali kabla ya kufika na futi

Hapa ndipo wengi wanapopita mbio, nami nakuomba ukae.

*Ramani na picha za setilaiti.* Setilaiti za Landsat zilianza kupiga picha za dunia mwaka 1972, na tangu 2008 picha zake zinapatikana bure. Kila kipande cha picha kinawakilisha mita 30 kwa 30 kwa zile za kuanzia miaka ya 1980. Sentinel-2, iliyoanza 2015, inaona hadi mita 10. Kama una simu au kompyuta tu, Google Earth inakuruhusu kurudi nyuma mwaka kwa mwaka juu ya eneo lako. Ukiwa na muda, jifunze QGIS, programu ya bure ya ramani.

Kanuni mbili. Linganisha picha za mwezi uleule katika miaka tofauti, maana shamba la mahindi la Mei na la Septemba ni kama nchi mbili. Januari na Februari mara nyingi huwa na anga safi kuliko Aprili. Kanuni ya pili ni kutoamini kijani. Kihamba chenye migomba, kahawa na migrivea kikitazamwa kutoka juu kinafanana sana na msitu. Msitu uliopoteza kamfa wake wote na kujaa Macaranga nao ni kijani vilevile. Setilaiti ni hodari wa kuonyesha kilichoondolewa kabisa: kovu la moto wa Oktoba 2020 kwenye ukanda wa Erica (miti midogo na vichaka vya juu mlimani), au la ule wa Oktoba 2022, linaonekana waziwazi ukilinganisha picha za kabla na baada. Badiliko la spishi ndani ya msitu uliosimama halionekani huko juu, na ndiyo sababu tunaingia na futi.

Moto huo si jambo dogo. Watafiti waliokaa mlimani miaka mingi, Andreas Hemp akiwa mmoja wao, wameonyesha kwamba hali ya hewa ilipozidi kuwa kavu, moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu na kugeuza misitu ya Erica kuwa vichaka. Misitu ile hukamata maji ya ukungu, kwa hiyo hasara yake ya maji ni kubwa kuliko ile ya barafu inayopungua. Kama ploti yako iko juu, tafuta mkaa kwenye udongo: chimba kishimo cha sentimita 30 nje ya ploti na uandike kina cha kila tabaka jeusi.

*Wazee.* Ramani ya zamani kuliko zote imo kwenye vichwa vya watu. Nenda kwa heshima, kaa, kunywa ulichopewa. Baada ya shikamoo usianze na "msitu umebadilikaje?" kwa sababu jibu litakuwa "umekwisha", na hilo huwezi kuliandika kwenye jedwali. Uliza kitu kinachoshikika: "Bibi, ulipokuwa unaenda kukata majani ya ng'ombe, mlikuwa mnavuka mto gani? Mkifika pale mnakuta mti gani?" Kisha funga jibu kwenye tukio linalojulikana tarehe: kabla ya Uhuru, baada ya Azimio la Arusha, wakati vijana wamekwenda vita vya Kagera, mwaka wa mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mtu anaweza asikumbuke mwaka, lakini anakumbuka alikuwa amembeba mtoto gani mgongoni.

Chagua watu kwa kazi zao. Warina asali wanajua miti inayotoa maua na mwezi wake. Waganga wanajua magome. Wapika mbege, pombe ya ndizi, wanajua msesewe, Rauvolfia caffra, kwa sababu gome lake ndilo linaloipa mbege uchungu wake. Mama mmoja wa kwetu aliwahi kunieleza jinsi gome la msesewe lilivyozidi kutafutwa mbali mwaka hadi mwaka: kwanza kwenye mfongo wa nyumbani, kisha mtoni, kisha kununuliwa sokoni. Katika maelezo yake ya dakika kumi nilipata mstari wa mabadiliko wa miaka arobaini, na nilipokwenda mtoni nikakuta visiki mahali alipoelekeza. Uliza pia kuhusu isale, mmea ambao Wachagga huupanda mipakani, maana safu ya isale iliyobaki katikati ya vichaka mara nyingi ni mpaka wa kihamba cha zamani. Ukiiona ndani ya kile unachodhani ni msitu wa tangu asili, simama ufikiri upya.

Jina la anayekusimulia usiliandike kwenye karatasi za wazi bila idhini yake. Andika "mwanamke, miaka 70 na kitu, kijiji fulani".

*Matope.* Hili huwezi kulifanya kwa vifaa vyako, lakini ulijue, kwa sababu linakupa kipimo cha muda. Chavua ya mimea huanguka kwenye vidimbwi na kuhifadhika tabaka juu ya tabaka. Kwenye kreta ya Maundi, karibu na kituo cha Mandara kwenye njia ya Marangu, watafiti wametoboa matope yanayobeba kumbukumbu ya mimea ya miaka kama 90,000. Humo inaonekana jinsi mikanda ya msitu ilivyopanda na kushuka mlima kufuata baridi na joto. Ploti yako ni ukurasa mmoja wa juu kabisa wa rundo hilo.

4. Kuweka ploti

Ukubwa ninaoupendekeza ni mita 20 kwa 50, yaani sehemu ya kumi ya hekta. Vifaa: futi ya kamba ya mita 50, kamba ya manila, dira, simu au kifaa cha GPS, nondo nne za sentimita 60, nyundo, rangi, misumari ya aluminiamu, vibati vya namba (makopo ya soda yaliyokatwa yanafaa sana), na daftari la kuandikwa kwa penseli. Wino ukinyeshewa umepotea.

Chagua mahali kabla ya kufika, kwenye ramani, kwa kura au kwa umbali uliopangwa: kwa mfano mita 200 kutoka kwenye njia, kuelekea kaskazini. Ukichagua ukiwa ndani ya msitu, macho yatakuvuta kwenye miti mizuri, na ploti yako itasema uongo bila wewe kukusudia.

Anzia kona ya kusini-magharibi. Pigia nondo hapo, kisha vuta upande wa mita 50. Kona zitoe kama fundi anavyotoa kona ya msingi wa nyumba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na ulalo ukiwa mita 5 kona imekaa sawa. Ukifunga umbo lote, pima ulalo wa ploti nzima. Unapaswa kuwa karibu mita 53.9.

Mteremko ndio unaowaangusha wengi. Eneo la ploti hupimwa kama kivuli chake kwenye tambarare, kwa hiyo mlimani lazima uongeze urefu wa futi. Kwa upande wa mita 20 unaopanda, mteremko wa nyuzi 10 unataka mita 20.3, nyuzi 20 unataka mita 21.3, na nyuzi 30 unataka mita 23.1. Programu ya simu ya kupima mwinamo inatosha.

Sasa andika mahali. GPS chini ya miti mikubwa inaweza kukosea mita kumi na zaidi, kwa hiyo iache simu itulie dakika kadhaa kwenye kila kona na uandike makosa inayoonyesha. Andika pia mfumo wa majira (namba za kuonyesha mahali kwenye ramani) uliotumia. Nasisitiza hili kwa sababu limenigharimu. Mwaka mmoja tulirudi kutafuta ploti kwa namba zilizokuwa zimesomwa kwenye ramani ya zamani ya karatasi, tukahangaika tangu asubuhi hadi saa nane mchana kwenye mvua. Ramani hizo zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na simu zetu zilikuwa kwenye WGS84. Kwetu huku tofauti kati ya mifumo hiyo miwili ni karibu mita 300. Nondo zilikuwepo, sisi ndio tulikuwa bonde jingine. Tangu siku hiyo kila karatasi yangu ina maneno "WGS84, UTM kanda ya 37 Kusini" juu kabisa.

Kisha weka mashahidi. Tafuta vitu vitatu visivyohama, kama jabali, mti mkubwa ulio nje ya ploti, au mlango wa mfongo. Pima umbali na mwelekeo wa dira kutoka kila kimoja hadi kona ya kwanza, uchore mchoro wa mkono. Nondo zinaweza kung'olewa na mtu wa chuma chakavu. Mashahidi watatu hawaondoki pamoja. Vichwa vya nondo vifunike kwa kipande cha bomba la plastiki ili visimchome mtu wala mnyama.

Piga picha kutoka kila kona ukielekea katikati, simu ikiwa usawa wa macho, bila kuvuta picha karibu. Kisha moja kutoka katikati ukielekea juu.

5. Kupima miti

Pima kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Kata fito ya mita 1.3 utembee nayo. Kwenye mteremko simama upande wa juu wa mti. Huhitaji kifaa maalumu: zungushia futi ya fundi cherehani, andika mzingo, na baadaye ugawe kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 31.4 ndio mlango wa kuingilia.

Gome la kamfa huvaa kuvumwani nene, na mikangaga na mimea mingine inakaa juu yake. Isogeze kwa vidole bila kuikwangua, maana nayo ni sehemu ya hesabu. Mtambaa upitishe futi chini yake. Mti wenye mizizi iliyopanuka kama mbao, kama mvule mkubwa wa Rau, upimwe sentimita 30 juu ya mahali mizizi hiyo inapoishia, na uandike kimo hicho. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 hupimwa kila shina lake, namba ya mti ikibaki moja. Mti uliokufa ukiwa umesimama uandikwe pia.

Mahali ulipopimia paka mstari mwembamba wa rangi. Kibati kipigiliwe sentimita 30 juu ya mstari huo, na msumari uachwe umechomoza sentimita chache, la sivyo mti utakibugia ndani ya miaka michache. Tembea kwa mistari, nenda na urudi kama mtu anayepalilia, ili usiruke mti wala kuurudia.

Urefu wa miti nakushauri uuache kama muda ni mfupi. Kukisia kilele kutoka chini ya majani ni kujidanganya. Ule mkukusu, Entandrophragma excelsum, wa mita 81.5 uliotangazwa mwaka 2016 kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote iliyojulikana Afrika, ulikuwa umesimama kwenye bonde la Kilimanjaro miaka mamia bila mtu kujua urefu wake.

Miche na vichaka pima kwenye kipande cha mita 5 kwa 20 katikati ya ploti. Mimea ya chini ihesabiwe kwenye viraba kumi vya mita 1 kwa 1 vilivyopangwa pembeni, kila mita tano. Kwa kila kiraba andika spishi na ukisie imefunika asilimia ngapi ya ardhi. Watu wawili wakisie bila kuambiana, kisha wakubaliane. Hapa ndipo wageni wabaya, yaani mimea vamizi, wanapoonekana kwanza: mche mmoja wa mlantana kwenye kiraba leo unaweza kuwa ukuta baada ya miaka kumi.

Jihadhari na upupu, siafu, na nyati unapopanda. Usiingie bila askari pale unapotakiwa kuwa naye.

6. Majina na sampuli

Jina la kienyeji liandike kila mara, na kando yake andika limetajwa wapi. Mti mmoja una jina moja Machame, jingine Marangu na jingine Rombo, na wakati mwingine jina moja linabeba miti miwili. Jina la kisayansi liandike pale tu una hakika. Usipokuwa nayo andika "sp. A, majani mawili mawili, utomvu mweupe" na uchukue sampuli. Kukisia jina ni kosa baya kuliko kuacha wazi, kwa sababu anayekuja nyuma yako hana njia ya kujua ulikisia.

Sampuli nzuri ina tawi lenye majani pamoja na maua au matunda. Andika papo hapo vitu ambavyo kukauka kutavifuta: rangi ya ua, harufu, utomvu, sura ya gome. Tandaza kati ya magazeti, weka boksi la karatasi ngumu katikati, kaza kwa mbao mbili na kamba, na ubadilishe magazeti kila siku. Kipindi cha masika, kama huna pa kukaushia, funga rundo la magazeti kwenye mfuko wa plastiki na umwagie spiriti. Itakaa mpaka utakaporudi mjini. Usikate mmea ulio peke yake kwenye ploti. Tafuta mwenzake nje.

Kisha peleka Arusha. Hebaria ya Taifa ya Tanzania, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iko Ngaramtoni, kwenye taasisi ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu ambayo wengi bado tunaijua kwa jina la TPRI na sasa ni TPHPA. Wasiliana nao kabla, peleka sampuli mbili au tatu za kila mmea, na uache nakala.

Suala la nakala lina historia ya kuumiza hapahapa kwetu. Mtaalamu wa mimea Georg Volkens alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti Marangu kati ya 1892 na 1894, na mimea aliyoikusanya ikapelekwa Berlin. Mwaka 1943 hebaria ya Berlin ilipigwa mabomu na sehemu kubwa ya mimea iliyokaushwa ikateketea. Kilichokuwa na nakala kwenye hebaria nyingine kilinusurika. Kwa hiyo gawanya.

7. Hesabu

Usiingie kwenye vipimo vikubwa kabla ya kuona data kwa macho. Panga jedwali, mti mmoja mstari mmoja: tarehe, ploti, namba, spishi, mzingo, kimo cha kupimia, hali, maelezo. Chora miti ya kila spishi kwa makundi ya unene, na swali lako la kamfa litaanza kujibika hapo.

Ukiwa na ploti mbili na unataka kujua zinafanana kiasi gani, chukua idadi ya spishi zilizopo kote kuwili, zidisha kwa mbili, gawa kwa jumla ya spishi za ploti ya kwanza na za pili. Tuseme msitu una spishi 40, kihamba kina 30, na 14 ziko kote. Unapata 28 gawa kwa 70, ambayo ni 0.4. Ukipata 1 zinafanana kabisa, ukipata 0 hazina hata moja ya pamoja. Kipimo hikihiki utakitumia kulinganisha ploti na yenyewe miaka kumi baadaye.

8. Kuhifadhi na kurudi

Karatasi za msituni zipige picha jioni ileile. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji au kwa mwenye kihamba, moja shuleni au chuoni, moja kwako, moja kwenye barua pepe. Kama ploti ina kamfa wakubwa au mti adimu, majira yake kamili yasiwekwe hadharani. Wapo wanaoyatafuta.

Rudi baada ya miaka mitano, mwezi uleule. Nenda na karatasi za zamani, upime ukiwa na namba za mwanzo mkononi, ili mti ukionekana umekonda uurudie palepale kabla hujaondoka. Mti usiouona usiandike umekufa. Andika "haukuonekana", "umekufa umesimama", "umeanguka" au "umekatwa", maana kila neno ni habari tofauti, na la mwisho lina kisiki cha kupima. Miti iliyofikia sentimita 10 tangu mara ya mwisho ipe namba mpya kuanzia ulipoishia. Namba ya mti uliokufa usimpe mwingine.